Kuonja singo molti ya Uskoti bila kudanganywa na lebo

Ukitaka kujua kama wiski ni nzuri, cha kwanza acha kuangalia bei, cha pili usiionje ikiwa peke yake mezani. Haya mawili yakikaa sawa mengine yote ni ufundi mdogo mdogo tu, mtu yeyote mwenye pua na subira anaupata, na nasema pua makusudi kabisa maana ulimi peke yake kazi yake ni chumvi, sukari, uchachu, uchungu na ule ukolezo wa supu basi, hizo habari za vanila sijui moshi sijui tende zote zinapita puani.

Tuanze na chupa yenyewe kwa sababu watu wanachanganya sana. Black Label siyo singo molti, ni blendi ya miaka 12, ndani kuna wiski za viwanda vingi pamoja na wiski ya nafaka nyingine. Jameson ni ya Ireland, Jack Daniel's ni ya Marekani huko Tennessee. Sizidharau hata moja, ila hapa tunaongelea kitu ambacho sheria ya Uingereza ya mwaka 2009 imekibana vizuri: itengenezwe kwa shayiri iliyooteshwa, yaani kimea, hakuna nafaka nyingine, itoke kiwanda kimoja, ikenekwe, yaani ichemshwe na mvuke wake upozwe, kwenye mitungi ya shaba mkupuo kwa mkupuo, ilazwe kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 hukohuko Uskoti kwa miaka isiyopungua 3, na ikifika kwenye chupa kilevi kisiwe chini ya asilimia 40. Kiwanda kimoja, siyo pipa moja, mapipa yanaweza kuchanganywa hata mia. Af tangu Novemba 2012 hairuhusiwi kujazwa kwenye chupa nje ya Uskoti, kwa hiyo ukikuta inajiita singo molti ya Skochi halafu lebo inasema imejazwa nchi nyingine, irudishe shelfuni hapohapo. Na ukishatoka hapo angalia stempu ya TRA, au kama uko Kenya iskani kwa ile app ya KRA ya Soma Label, maana hamna ujuzi wa kuonja utakaokusaidia kama ndani kuna spiriti iliyotiwa rangi.

Aliyewahi kuona mtambo wa gongo ameshaelewa nusu ya kiwanda cha wiski: pombe inachemshwa, mvuke unapita kwenye bomba, unapozwa, yanadondoka matone. Kinachowatofautisha sana ni ukataji. Yale matone ya mwanzo makali yenye harufu kama ya kufutia rangi ya kucha hayachukuliwi, ya mwisho mazito yenye harufu ya jasho na ngozi iliyolowa hayachukuliwi pia, wanachukua ya katikati tu, hayo mengine yanarudishwa kuchemshwa upya. Kumbuka hii maana baadaye ukikutana na harufu hizo kwenye glasi utajua jamaa walikata vibaya au walikuwa na haraka. Hata umbo la mtungi lina neno lake. Glenmorangie mitungi yao ina shingo zinazozidi mita 5, wenyewe wanajisifu kwamba ina urefu wa twiga na wamemfanya twiga kuwa nembo yao, mvuke mzito unashindwa kupanda hadi juu unarudi chini, kinachofika ni kile chepesi chenye maua na machungwa. Mitungi mifupi minene kama ya Macallan inatoa kitu kizito chenye mafuta.

Sasa lebo. Umri ulioandikwa ni wa ile wiski changa kuliko zote zilizoingia kwenye chupa, kwa hiyo 12 maana yake hakuna ya chini ya 12 humo ndani. Umri unapandisha bei kwa sababu kila mwaka kama asilimia 2 hivi ya kilichomo kwenye pipa inapotelea hewani, wenyewe wanaita fungu la malaika, pipa la miaka 18 limeshapoteza karibu theluthi na wewe unailipia hiyo theluthi. Haina maana kwamba iliyobaki ni tamu zaidi! Mbao ikizidi wiski inakuwa kavu na chungu kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na mi binafsi nimekutana na za miaka 10 ambazo sibadilishi na za miaka 21.

Rangi ndo usiiamini kabisa. Sheria inawaruhusu kutia karameli, ile E150a, ili chupa zote zifanane, ndo maana wiski ya kawaida kabisa inaweza kung'aa kama asali ya Tabora. Wajerumani wanalazimisha iandikwe, kwa hiyo ukipata chupa iliyopitia soko la kule tafuta maneno mit Farbstoff nyuma ya lebo, yakiwepo rangi imeongezwa. Na yale machozi yanayoteremka kwenye kuta za glasi ukiizungusha, ambayo kuna watu hupenda kuyaonyesha kwa kidole wakiwa na wageni, yanakwambia kilevi na uzito basi, siyo ubora. Kitu kinachofaa kuangaliwa kwenye lebo ni asilimia ya kilevi. Ikiwa 46 au zaidi mara nyingi hawajaipoza na kuichuja kwa baridi, maana uchujaji ule unafanywa ili wiski isifanye ukungu ikitiwa barafu, na ukungu wenyewe ni mafuta mafuta yanayobeba ladha na ule utelezi mdomoni. Ardbeg 10 ni 46 haijachujwa hivyo, Springbank 10 vilevile, Bunnahabhain 12 iko 46.3. Ikiwa 40 haina maana ni mbaya, ila ujue imewekwa maji mpaka kiwango cha mwisho cha sheria.

Haya tuonje. Glasi iwe na tumbo na mdomo mwembamba ili harufu ikusanyike isikimbie, ile ya Glencairn iliyotoka 2001 ndo wengi wanaitumia, lakini kama huna glasi ndogo ya waini inafanya kazi vizuri tu. Ile glasi pana nzito ya kwenye muvi achana nayo leo. Ioshe kwa maji ya moto, sabuni kidogo sana au usitie kabisa, na usiikaushe na taulo lililokaa kabatini. Onja kabla ya kula au saa moja mbili baada ya kula, pilipili, kahawa na dawa ya meno vyote vinakuharibia. Usijipulizie pafyumu, na nyumba isiwe imefukizwa udi jioni hiyo, udi utaunusa kwenye kila glasi.

Kuna kitu wazungu hawakiandiki kwa sababu hakiwahusu. Wakisema onja kwa joto la chumbani, chumba chao ni digrii 18 hadi 20 hivi. Sebule ya Dar au Mombasa mwezi wa pili bila AC ina 30 na zaidi, kilevi kinaruka kwa fujo kinakuchoma pua kabla hujanusa chochote halafu unasema hii wiski ni kali, kumbe ukali ni wa chumba. Weka chupa kwenye friji dakika kumi na tano hivi, siyo friza, kisha itoe umimine. Barafu hapana kwanza, baridi kali inazifunga harufu, hata chupa iliyooza itaonekana nzuri ikiwa ya baridi sana.

Mimina kama mililita 25, toti moja. Richard Paterson, mchanganyaji mashuhuri wa wiski aliyefanya kazi miaka mingi na kiwanda cha Dalmore, ana mtindo wake maarufu wa kusuuza glasi kwa wiski kidogo kisha kuirusha chini sakafuni, kwetu tungesema anawatambikia wazee. We usimwage, kwa bei hizi. Funika glasi na kiganja, iache itulie dakika kadhaa.

Kunusa usizamishe pua. Anza glasi ikiwa kidevuni, mdomo umeachwa wazi kidogo, vuta pumzi fupi, halafu isogeze polepole mpaka usawa wa mdomo wa juu na usimame pale unapoanza kusikia kitu. Vuta fupi fupi, siyo ndefu, ndefu inapiga ganzi. Jaribu tundu moja la pua kisha lingine, utashangaa hayasikii sawa. Pua ikichoka nusa mkono wako mwenyewe kwenye kiwiko, au glasi ya maji, inarudi. Fanya hivyo mara tatu nne na muda ukipita kati, maana harufu ya dakika ya kwanza siyo ya dakika ya kumi, na wiski nzuri inazidi kufunguka wakati mbovu inabaki palepale au inaanza kutoa uchafu.

Jiulize kwa mafungu, usikimbilie maneno makubwa. Ni matunda? Mabichi au makavu? Ni utamu wa asali, wa vanila, wa sukari ya kuungua? Kuna viungo? Kuna moshi? Kuna kitu cha dawa? Na tumia maneno ya jikoni kwako. Hizi tathmini za kizungu zimejaa matunda ya porini ambayo wengi wetu hatujawahi kuyashika, sasa ukiandika hayo unamdanganya nani. Mtu aliyekulia karibu na karafuu, kungumanga, mdalasini, tende, ukwaju na nazi ana kabati la harufu lililojaa kuliko mengi ya kule.

Pipa ndo linaleta sehemu kubwa ya hayo. Mapipa mengi yanatoka Marekani, yalibeba borboni, ile wiski ya kule, na yanapatikana kwa wingi kwa sababu sheria ya kule inadai borboni ilale kwenye pipa jipya, likishatumika mara moja wanaliuza. Hayo, kama lita 200 hivi, yanatoa vanila, nazi, asali, ndizi mbivu. Yale makubwa ya lita 500 yaliyokaa na sheri, ile waini kali ya Hispania, yanatoa zabibu kavu, tini, chokoleti, karafuu, ngozi ya chungwa. Chukua Glenfiddich 12, utasikia peasi, peasi kabisa kama zile za Lushoto zikiwa bado ngumu kidogo, halafu tofaa na asali nyuma. Chukua GlenDronach 12 uiweke pembeni, hiyo ni sheri, ni tende zilizolowekwa, mdalasini, njugu. Hapo hata asiyejua kitu anatofautisha kwa kunusa tu.

Halafu moshi. Moshi unatoka kwenye piti, udongo mweusi wa mimea iliyooza kwenye madimbwi kwa maelfu ya miaka, wanauchimba wanaukausha wanauchoma chini ya kimea kikiwa kinakaushwa. Vipimo vya fenoli, yaani kemikali za moshi, unavyosikia, Ardbeg kama sehemu 55 kwa milioni, Lagavulin kama 35, hivyo ni vya kimea kabla hakijakenekwa, siyo vya kilicho kwenye glasi yako, kwa hiyo usinunue namba. Laphroaig 10 nusa polepole: kwanza inakuja Dettol na bandeji za hospitali, wengi wanaishia hapo wanaweka glasi chini. Subiri. Nyuma yake kuna samaki wa kubanikwa, kuna chumvi ya bahari, kuna mwani, na waliozoea harufu ya mwani ukianikwa kule Paje wana faida hapa maana ni ileile. Chini kabisa kuna vanila tamu ambayo haitoki mpaka uongeze maji. Kuna watu hawataipenda maisha yao yote na hawana kosa, ila kutokuipenda na kusema ni mbaya ni vitu viwili, na kuhukumu wiski ni kuviachanisha hivyo viwili.

Mdomoni sasa. Tone la kwanza ni la kuuzoesha ulimi tu, usilihukumu, lipitishe ulimi wote umeze. La pili ndo la kazi: kidogo, lizungushe, liache likae mpaka lichanganyike na mate, angalia linavyogeuka. Inaanza na utamu halafu inapita kwenye viungo halafu uchungu wa mbao? Au inaanza na kuisha na kitu kilekile? Angalia uzito pia, kuna ya maji maji na kuna inayoteleza kama imetiwa siagi. Na tofautisha kuchoma kwa kilevi na ukali wa viungo, kilevi kinachoma kotekote sawasawa hasa kooni, viungo vinachoma sehemu sehemu na vinakuja na harufu yake. Ukimeza pumua kwa pua taratibu. Hapo ndo mwisho wa wiski unaonekana, ladha inakaa au inakatika? Ikikaa, inakaa vizuri au inabaki ladha ya mbao mbichi na karatasi? Talisker 10, 45.8, inakuacha na pilipili manga na moshi muda mrefu baada ya glasi kuwekwa chini, mimi mwisho ndo naupa uzito kuliko watu wengi wanavyoupa.

Kisha maji. Achana na anayekwambia maji ni kuharibu, wachanganyaji wenyewe viwandani huishusha mpaka asilimia 20 hivi wakiwa wananusa kazini. Mwaka 2017 watafiti wawili wa chuo cha Linnaeus kule Sweden walionyesha kwa kompyuta kwamba guayakoli, mojawapo ya vitu vinavyoleta harufu ya moshi, ikiwa kwenye kilevi kikali inazama katikati ya kimiminika, ukipunguza nguvu kwa maji inapanda juu karibu na hewa, yaani karibu na pua yako. Tumia maji ya chupa yasiyo na chumvi chumvi, ya bomba yana klorini. Weka matone mawili matatu kwa mrija au kijiko cha chai, nusa, onja, ongeza. Kama ni 40 simama mapema maana inakufa haraka, kama ni 58 unaweza kufika hata nusu kwa nusu.

Makosa ya kutafuta yapo machache. Harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi au yai viza, hiyo ni salfa, mara nyingi imekuja na pipa la sheri, kidogo inavumilika ikizidi inaua kila kitu. Boksi lililolowa maji na ukungu, hiyo ni kizibo kimeoza, rudisha chupa kama duka linakubali. Jasho na ngozi mbichi, ukataji. Harufu ya spiriti changa na tofaa bichi kupita kiasi, haijalala vya kutosha. Sabuni, kwanza kagua glasi yako kabla hujalaumu kiwanda.

Na hapa ndo nilipokuwa napataka. Kabla hujaandika maoni yoyote, fanya jaribio la glasi tatu. Mwambie mtu wa nyumbani achukue chupa mbili, amimine moja kwenye glasi mbili na nyingine kwenye glasi ya tatu, aweke alama chini ya glasi, azichanganye, we ukiwa chumba kingine. Kazi yako ni kutaja ile moja iliyo tofauti, hujaulizwa ipi nzuri. Rudia siku nyingine. Ukishindwa kuitaja, basi ule utofauti uliokuwa unauelezea kati ya ya laki moja na nusu na ya laki tano ulikuwa kwenye lebo. Inauma lakini inafundisha kuliko semina yoyote. Mikoa ya wiski ya Uskoti nayo inaanguka hapa, wanasema Speyside ni matunda, Lowland ni nyepesi, Islay ni moshi, sawa, ila Bruichladdich na Bunnahabhain zote ni za Islay na nyingi kati ya chupa zao hazina moshi kabisa, sasa kama ulishaamua kwa ramani pua yako haikufanya kazi.

Ukipanga chupa kadhaa kwa jioni moja anza na nyepesi, malizia na za moshi, tatu au nne zinatosha, baada ya hapo pua inakuwa inabahatisha tu. Weka ndoo ya kutemea bila aibu, wataalamu wengi wanatema, na mwenye gari atume mtu amwendeshe.

Alama? Wanaotoa alama 100 wengi wanagawa 25 ya harufu, 25 ya ladha, 25 ya mwisho na 25 ya uwiano wa hivyo vyote. Nzuri kwa nidhamu, lakini 86 na 88 sijui zinatofautishwa na nini. Mi napanga tu kwa foleni: hii inaishinda ile, kwa sababu hii moja. Sababu ikikosekana nairudia kesho yake kabla sijasoma mtu mwingine kaandika nini, maana ukishasoma kwamba kuna chokoleti utaisikia hata kama haipo.

Chupa iliyobaki isimamishe wima, wiski siyo waini, ukiilaza kilevi kinakula kizibo. Giza, mbali na dirisha na mbali na jiko. Ikiwa imejaa inakaa miaka, ikibaki theluthi hewa inaanza kuila na zile harufu za juu za matunda ndo zinatangulia kuondoka, kwa hiyo hamishia kwenye chupa ndogo safi au ita watu muimalize. Na ile iliyoshika mkia kwenye foleni yako itie soda na barafu, hamna kesi.